Mabati Yaliyofuata Jeneza

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka ambao mvua za masika zilichelewa, nilimzika mume wangu Wekesa kwao Bungoma, na paa la nyumba yangu ya Nairobi likabaki huko pamoja naye. Siyataji mambo hayo mawili kwa pumzi moja eti kwa kuwa yana uzito sawa. Yalinitokea pamoja tu, na tangu siku hiyo sijaweza kukumbuka moja bila la pili.

Mwanangu, maana nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, uliniuliza juzi mlangoni mwa kanisa kama nyumba aliyokuachia baba yako uizibe matundu au ung'oe mabati yote uezeke upya. Nilikujibu kwamba nitakuja tuongee. Magoti yangu hayapendi matope ya kwenu siku hizi, kwa hivyo nakuandikia. Nilisoma hadi darasa la saba tu, utanivumilia.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, na wasichana wawili, Nanjala na Naliaka. Tulikaa mtaa wa Lucky Summer, nyumba hii hii unayoijua. Wekesa alikuwa fundi wa mabehewa, na nyumba tuliinunua ikiwa imeshachoka: kuta za mawe, vyumba viwili, na juu mabati ya kutu ambayo hata aliyetuuzia hakukumbuka yaliwekwa lini. Kila msimu wa mvua ukikaribia Wekesa alipanda juu na kopo la lami na vipande vya gunia, akaziba. Na kila mvua ikianza nilimwonyesha mahali pengine palipovuja.

"Maji haya yana akili," angesema. "Nikiyafungia hapa, yanaenda kuulizia njia kwa jirani."

"Si ubadilishe yote basi?"

"Nitabadilisha. Lakini Mama Nanjala, hii ni nyumba ya Nairobi tu. Hapa tunapita."

Sisi watu wa magharibi tulioletwa hapa na kazi, wengi wetu tunaongea hivyo. Mtu anakaa mtaani maisha yake yote, watoto wanazaliwa hapa, wanabatizwa hapa, yeye mwenyewe anazeekea hapa, na ukimuuliza kwake ni wapi atakutajia kijiji. Akinunua kiti kizuri kinapanda basi la kwenda nyumbani. Huku anakalia kile kilichovunjika mguu. Simcheki mtu. Hata mimi nilikuwa na sahani ambazo hazikuwahi kuliwa Nairobi.

Kilichombadilisha Wekesa ni kifua cha Naliaka. Mtoto alikohoa msimu mzima, na daktari akatuambia chumba anacholala kina unyevu, dawa peke yake haitatosha. Baada ya hapo Wekesa akaanza kununua mabati mapya, machache machache, kila alipopata. Aliyaegemeza ukutani nyuma ya kitanda chetu, ameyafunga gunia yasikwaruzike. Siku ile yalipotosha aliniita nikayatazame, kama mtu anayeonyesha ng'ombe.

"Kabla ya mvua," akasema.

Alianguka kazini. Hakufika hospitali. Hapo sina zaidi la kusema.

Kamati ya mazishi ilikaa sebuleni kwangu. Sasa nikueleze jambo moja, kwa sababu wewe umezaliwa hapa na huenda hujaliona. Kwetu, mwanamume mwenye mke na watoto halazwi kwa mama yake kama mtoto. Anatakiwa awe na nyumba yake bomani kwa wazazi. Kama amekufa kabla ya kuijenga, anajengewa haraka haraka, alale humo usiku mmoja, kisha azikwe mbele yake. Wekesa hakuwa amejenga.

Aliyelileta jambo hilo kikaoni ni Wanyama, ndugu yake mdogo. "Ndugu yangu hana nyumba nyumbani," akasema. "Tutamlaza wapi? Jikoni kwa mama?"

Watu wakatazama sakafu. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amekaa chumbani kwa kukosa nafasi akasema kutoka kule ndani, "Mbona kuna mabati huku?"

Wanyama akanigeukia. "Shemeji, yale ni ya nini?"

"Ni ya hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

Nilinyoosha kidole juu. Kamati nzima ikatazama juu, ikaona viraka vyeusi vya lami kimoja baada ya kingine. Mtu akakohoa.

"Hapa kunaweza kungoja," Wanyama akasema, na akasema polepole. Usimwone mbaya. Alikuwa amelia tangu asubuhi hata sauti ikapotea.

Sikujibu. Ningejibu nini, na mume wangu yuko mochari? Wakachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo.

Mabati yakafungwa juu ya basi la waombolezaji, nyuma ya gari la jeneza. Njia yote, kila shimo la barabara, niliyasikia yakigongana juu ya kichwa changu, sauti ile ile niliyoizoea kila Wekesa alipojigeuza kitandani na kuyagusa kwa mgongo. Tulipofika, vijana wa kijiji walikuwa wamesimamisha kuta za udongo, bado mbichi. Jeneza likangoja kwenye hema huku wakipiga misumari. Walimaliza jua likiwa limeanza kushuka. Paa liling'aa hata likaumiza macho, na akina mama wa kijiji wakasema mwana wa Rosa ameezekewa vizuri. Rosa ndiye mama mkwe wangu, na wasichana wangu wanamwita Kukhu, yaani nyanya.

Baada ya matanga nilirudi Nairobi. Shule zilikuwa zikiendelea, na cherehani yangu ya sare ndiyo iliyokuwa imebaki kutulisha. Nyumba ya Wekesa tukaifunga kufuli, ufunguo akashika Kukhu.

Halafu mvua ikaja, na ilikuja kama iliyokuwa imekasirishwa na kuchelewa kwake.

Sijui kama umewahi kuishi na hofu ya aina ile, hofu ya kutazama juu. Nikiwa kwa cherehani natazama juu. Nikikoroga ugali natazama juu. Wingu likipita tu, moyo unaanza kuhesabu mabeseni. Kitanda cha wasichana nilikisogeza hadi kikakosa pa kusogea. Naliaka akaanza kukohoa tena, kile kikohozi cha chini ambacho mama anakisikia hata akiwa nje anaanika nguo.

Nilimwita Mutua, fundi Mkamba aliyetoka Kayole na ngazi yake begani. Alipanda, akakaa huko juu kwa muda, nikasikia anajisemesha.

"Mama Nanjala," akaniita, "unataka ukweli ama unataka nikuzibie?"

"Niambie ukweli kwanza."

"Mabati ni shida ndogo. Hii mbao ya chini imeliwa na mchwa. Nikipiga msumari haushiki, unaingia tu kama kisu kwa ndizi. Naweza kuziba, sikatai, hata kesho. Lakini nitakuwa naunganisha kutu na kutu, na zote zimeshikiliwa na hewa."

"Na nikisema ung'oe yote?"

"Ziko wapi mpya?"

Nikamwambia ziko wapi. Mutua akashuka ngazi, akakunja mikono, akatazama viatu vyake. "Pole, mama," akasema, akaondoka bila kunitoza kitu.

Siku chache baadaye upepo ukaja mchana, kabla ya mvua. Bati moja upande wa wasichana likainuka likaanza kupiga, kama mlango ambao mtu anaufungua na kuufunga kwa hasira. Niliweka meza kando ya ukuta wa choo, nikapanda na waya na jiwe. Nilikuwa nimelala juu ya bati kwa tumbo, nimeshika, sijui nitafanya nini tena, Mama Mwende wa nyumba ya pili akatokea.

"Shuka, Mama Nanjala. Kamati ya mazishi imechoka, haiwezi kukaa tena mwaka huu."

Nilicheka, nikalia, yote kwa pamoja, huku nimeshika bati. Alinirushia waya mwingine, tukalifunga kwa dirisha.

Jioni ile nilimpigia Wanyama simu. Nilizunguka zunguka, nikamuuliza ng'ombe, nikamuuliza mahindi, kisha nikasema. Nyumba ile haina mtu, nyumba hii ina watoto.

"Shemeji," akasema, "unataka nimvue ndugu yangu kofia?"

"Wanyama, Naliaka anakohoa."

"Ziba. Kaka alikuwa anaziba. Watu watasema mjane amerudi kumnyang'anya maiti."

Nikuambie ukweli, mwanangu, si watu peke yao niliowaogopa. Mimi mwenyewe niliogopa kuezua nyumba ya marehemu. Nilisikia tangu utotoni kwamba jambo kama hilo haliachi watu salama, na nilikuwa na watoto wawili tu. Nikawaza: nikiacha, maji yatamuua Naliaka. Nikichukua, je? Nilikonda. Nilishona sare zikatoka mikono mirefu kuliko mwili.

Kukhu alikuja bila kutuambia. Katika maisha yake yote hakuwa amelala Nairobi. Alishuka kwenye pikipiki na kuku mmoja na mfuko wa mtama, akasema amekuja kuona mahali mwanawe alikaa. Nilimpa kiti, nikampa chai, na kabla hajaimaliza mvua ikaanza.

Alitazama wasichana wakikimbia na mabeseni, kila mmoja anajua lake linakaa wapi, kama watoto wanaocheza mchezo waliouzoea. Tone moja likaingia kwenye kikombe chake. Akakisogeza.

"Alikuwa analala upande gani?" akaniuliza.

Nikampeleka chumbani nikamwonyesha. Juu ya upande wa Wekesa kulikuwa na kiraka kikubwa kuliko vyote, lami juu ya gunia juu ya lami. Kukhu alisimama chini yake akakitazama kwa muda mrefu.

"Haya aliyafanya yeye?"

"Yeye mwenyewe, mama."

"Na yale mapya yalikuwa ya hapa."

"Ndiyo."

Alikaa kitandani. "Kwa nini ulinyamaza walipoyachukua?"

"Mama, ningeongea nini na msiba uko ndani?"

"Ungesema kuna watoto. Maneno mawili tu." Alikuwa mkali, mwanangu. "Mimi sikuzaa Wekesa ili aezekewe akiwa ndani ya sanduku na watoto wake wakinyeshewa. Mlifikiri mnampa heshima nani?"

Nikaanza kulia. Akaacha nilie, kisha sauti yake ikashuka.

"Na mimi pia," akasema. "Nilipoona lile paa linang'aa nilifurahi, hata siku ile. Nilitaka kijiji kione mwanangu ana mabati mapya. Sikuuliza yametoka juu ya nani."

Akaniomba simu. Nilimsikia akiongea na Wanyama kwa lugha ya kwetu, bila kupandisha sauti. Wanyama alisema lile la kofia. Kukhu akamjibu hivi: "Yale mapya ndugu yako hakuyajua. Aliyaegemeza ukutani tu. Haya ya kutu ndiyo alipanda juu yake mvua hadi mvua, ameyashika yote kwa mkono. Leta yale, nitakupa haya umwekee. Na kama kuna ubaya wowote, unitafute mimi niliyemzaa, nijibu mimi."

Lori lililokuwa likileta viazi vitamu ndilo lililoyaleta. Wanyama alikuja nayo, hanitazami usoni. Mutua alikuwa ameshanunua mbao, lakini si za nyumba nzima, kwa sababu alizigonga za zamani moja moja na zile zilizoitika vizuri akaziacha mahali pake. Asubuhi anga ilikuwa safi. Wakaezua nyumba yote, na kwa mara ya kwanza nikaona mwangaza wa jua umefika chini ya kitanda changu.

Mutua alipofungua mabati akaguna. "Haya mapya yamekuja na matundu."

Kweli. Yalikuwa yamepigiliwa misumari kule Bungoma, na umbali wa mbao za kule haukuwa wa hapa. Ilibidi apime, apindue, afiche tundu chini ya bati la pili pale ilipowezekana, na pasipowezekana akamwita Wanyama amletee lami. Wanyama akashika kopo la kaka yake. Alikoroga, akapanda, akaanza kuziba, na nikaona mabega yake yanatikisika.

Kufikia mchana wingu jeusi likatokea upande wa mtaa wa Baba Dogo. Nusu ya nyumba ilikuwa wazi. Mutua akatazama wingu, akatazama mabati yaliyobaki, akatema mate. Kukhu alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya sebule isiyo na paa, leso kichwani, mikono mapajani.

"Mama, nenda kwa Mama Mwende, utanyeshewa," nikamwambia.

"Nikiondoka mtapumzika," akasema.

Hakuna aliyepumzika. Mama Mwende na mumewe wakaja kupokeza mabati, Nanjala akagawa misumari, hata dereva wa lori akavua shati akapanda. Matone ya kwanza yalianguka likiwa limebaki bati moja karibu na mlango wa jikoni. Wakaliweka kwa haraka, wakalipigilia kwenye mvua, na halikukaa sawa. Hadi leo pale panadondoka, tone moja moja mvua ikiwa kubwa. Umeliona beseni langu jikoni, sasa unajua sababu. Bati lile sikulirekebisha. Mwanzoni kwa kukosa pesa, baadaye kwa kuzoea, sasa sijui ni kwa nini.

Naliaka alikohoa wiki kadhaa tena, kisha akaacha. Kuezua kule hakukutuletea baya lolote ninaloweza kulitaja.

Kwa hivyo, mwanangu, swali lako. Usianze na mabati. Panda mwenyewe au tuma fundi unayemwamini, mbao zigongwe. Kama mbao ni nzima na matundu ni machache, ziba, wala usione haya, lami si dhambi. Kama mbao zimeliwa, usizibe hata tundu moja. Utakuwa unalipamba jambo ambalo litakuangukia. Lakini kabla ya hilo kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niandike. Jiulize ni nani analala chini ya paa hilo. Usiseme hapa tunapita. Kama mtoto wako analala hapo usiku wa leo, basi hapo ndipo kwako, na kitu kizuri ulicho nacho kianzie hapo. Waliolala kwenye udongo tutawaheshimu na kilichobaki, na kama walitupenda hawatakasirika. Na siku wazee wakikaa sebuleni kwako wakitazama juu, wewe fungua mdomo. Mimi nilihitaji mtu atoke Bungoma na kuku ndipo nisemewe.

Mungu akupe kiangazi cha kutosha kumaliza kazi yako, na fundi asiyeficha. Wanao wasikie mvua kama wimbo tu, walale.

Nimalizie na lililotokea mwisho. Kukhu alikaa nasi hadi kifua cha Naliaka kikatulia. Wanyama alikuwa ameshayapeleka mabati ya kutu, ameyapigilia juu ya nyumba ya Wekesa. Jioni moja tukiwa tunakula, akapiga simu nikampa Kukhu, na sauti ya Wanyama ilikuwa ya mtu mwenye wasiwasi.

"Mama, huku kumenyesha leo. Nyumba ya kaka inavuja."

Kukhu akaweka tonge chini. "Inavuja wapi?"

"Katikati. Pale tulipoweka jeneza."

Wasichana waliacha kula wakamtazama nyanya yao.

"Weka beseni," akasema, akanirudishia simu yangu.